Ukomo wa huduma kwa matoleo ya programu huria: Tarehe inayopaswa kuingia kwenye bajeti za taasisi

Mwezi Aprili 2026, kwa mujibu wa ratiba iliyowekwa wazi kwa umma, toleo la 4.2 la Django linafikia ukomo wa kupatiwa huduma na watunzaji wake. Django ni kiunzi cha programu huria kinachotumika katika nchi nyingi kujenga mifumo ya mtandaoni. Tarehe hiyo haitazima mfumo wowote. Tovuti iliyojengwa juu ya toleo hilo itafunguka kesho yake kama ilivyofunguka jana, mwananchi ataingiza namba yake ya simu na nywila, na stakabadhi yake itatoka. Kinachobadilika hakionekani kwenye skrini: kuanzia hapo, ikigundulika kasoro ya usalama katika toleo hilo, hakuna aliyeahidi kuirekebisha.

Wananchi wamezoea kusoma matangazo yanayoarifu kuwa huduma fulani haitapatikana kwa saa kadhaa kutokana na matengenezo ya mfumo. Wengi huyapokea matangazo hayo kama usumbufu. Hata hivyo, nyuma ya baadhi yake ipo kazi ya kuhamisha mfumo kutoka toleo linalokaribia ukomo kwenda toleo jipya, na mfumo wa kutia shaka zaidi ni ule ambao kwa miaka haujawahi kutangaziwa matengenezo hata mara moja. Sera ya huduma kwa matoleo, ingawa inaonekana kuwa suala la mafundi, inagusa moja kwa moja usalama wa taarifa za watu na namna fedha za umma zinavyopangwa.

Kiunzi na watunzaji wake

Mtaalamu anayejenga mfumo wa kutoa vibali au wa kusajili wanafunzi haanzi na ukurasa mtupu. Huchukua kiunzi, yaani mkusanyiko wa sehemu za msingi zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa: namna ya kumtambua mtumiaji, kuhifadhi nywila kwa usalama, kuzungumza na kanzidata na kupokea fomu. Juu ya kiunzi hicho huandika yale tu yanayohusu kazi ya taasisi husika. Kwa hiyo kasoro iliyomo ndani ya kiunzi huwa kasoro ya kila mfumo uliojengwa juu yake.

Django ilianzia katika chumba cha habari cha gazeti moja mjini Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, na ikawekwa wazi kwa umma mwezi Julai 2005. Tangu mwaka 2008 inasimamiwa na Django Software Foundation, taasisi isiyolenga faida. Sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, wakisaidiwa na wataalamu wachache wanaolipwa na taasisi hiyo ili kupokea taarifa za kasoro, kukagua michango na kuandaa matoleo. Leseni yake, ya aina ya BSD, inamruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza bila malipo. Leseni hiyo hiyo inatamka kuwa programu inatolewa kama ilivyo, bila dhamana ya aina yoyote.

Kauli hiyo ya mwisho ndiyo inayosahaulika mara nyingi. Taasisi inayonunua programu ya kampuni huwa na mkataba na mahali pa kupeleka malalamiko. Taasisi inayochukua programu huria haina wa kumdai. Badala ya mkataba inayo sera iliyotangazwa: ahadi ya hiari inayoeleza ni matoleo yapi yatarekebishwa, kwa kasoro za namna gani, na hadi lini. Asiyesoma sera hiyo anatumia programu bila kujua mipaka ya ahadi aliyopewa.

Ratiba ilivyopangwa

Toleo jipya la Django lenye uwezo mpya hutolewa takriban kila baada ya miezi minane. Katika miezi minane ya kwanza, toleo hilo hupata marekebisho ya kasoro mbalimbali, zikiwamo zile zinazoangusha mfumo. Toleo linalofuata likishatoka, lile la awali hubakiwa na marekebisho ya aina mbili tu: kasoro za usalama na zile zinazoweza kusababisha kupotea kwa taarifa. Baada ya hapo ahadi huisha.

Kwa wasioweza kwenda na kasi hiyo, yapo matoleo ya huduma ya muda mrefu, ambayo kwa kawaida hupewa marekebisho ya usalama kwa miaka mitatu. Toleo la 3.2 lilikuwa la aina hiyo, na huduma yake ilikoma Aprili 2024. Toleo la 4.2 lilitolewa Aprili 3, 2023 na ukomo wake ni Aprili 2026. Toleo la 5.2 lilitolewa Aprili 2, 2025, nalo litahudumiwa hadi Aprili 2028. Linalofuata katika mkondo huo ni la 6.2, lililopangwa kutoka Aprili 2027 na kuhudumiwa hadi Aprili 2030.

Kila toleo linalohudumiwa lina gharama kwa watunzaji. Kasoro moja ikigundulika, marekebisho yake hayana budi kuandikwa na kujaribiwa upya kwa kila toleo lililo hai, na matoleo hayo hutofautiana ndani. Kwa mradi wenye mikono michache, ahadi ya kuhudumia kila toleo milele ingekuwa ahadi isiyotekelezeka. Miaka mitatu inayotimizwa ina thamani kubwa kwa mtumiaji kuliko miaka kumi inayotajwa kwa maneno tu.

Kiraka kinapogeuka ramani

Hatari ya kubaki kwenye toleo lililokoma huongezeka kila siku, na sababu yake iko katika namna marekebisho yanavyotolewa. Mtu akigundua kasoro ya usalama katika Django, huombwa kuiwasilisha kwa siri kwa timu ya usalama ya mradi. Timu ikishathibitisha, huandaa kiraka, na takriban wiki moja kabla ya kukitoa hutangaza siku ya kutolewa na uzito wa kasoro, bila kufichua undani wake. Siku ikifika, matoleo yote yanayohudumiwa hupata kiraka kwa pamoja, na maelezo ya kasoro huwekwa hadharani.

Uwazi huo ni nguvu ya programu huria, lakini una upande wa pili. Kiraka kinapochapishwa, kila anayejua kusoma msimbo anaweza kuona ni mstari upi uliobadilishwa na hivyo kufahamu udhaifu ulikuwa wapi. Kwa mfumo uliosasishwa siku hiyo, maelezo hayo hayana madhara. Kwa mfumo ulio kwenye toleo lililokoma, wenye kasoro ile ile na usio na kiraka, ni sawa na kumkabidhi mdukuzi ramani ya nyumba ikiwa na alama ya dirisha lisilo na komeo.

Mfano unaofahamika zaidi haukuihusu Django bali kiunzi kingine huria, Apache Struts. Machi 2017 watunzaji wa Struts walitangaza kasoro kubwa pamoja na marekebisho yake. Kampuni ya Equifax ya Marekani, inayotunza kumbukumbu za mikopo, haikuweka marekebisho hayo katika mojawapo ya mifumo yake. Kuanzia Mei mwaka huo wadukuzi walipita katika kasoro hiyo, na hawakugundulika hadi mwishoni mwa Julai. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa, yakiwamo majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii. Julai 2019 kampuni hiyo iliafikiana na mamlaka za Marekani kulipa kuanzia dola milioni 575, kiasi ambacho kingeweza kufikia dola milioni 700.

Katika tukio hilo kiraka kilikuwapo na kilitolewa bure. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka. Taasisi iliyobaki kwenye toleo lililokoma iko katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa hata ikiwa na wataalamu wepesi na wenye ari, hakuna kiraka cha kuweka.

Mnyororo wa tarehe

Kiunzi hakisimami peke yake. Chini ya Django ipo lugha ya Python, kando yake ipo kanzidata, na chini ya vyote upo mfumo endeshi wa seva. Kila kimoja kina ratiba yake ya ukomo, na ratiba hizo hushikana kama pete za mnyororo.

Chukua mfano wa seva iliyowekwa mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, toleo la Aprili 2020. Seva hiyo huja na Python 3.8 na kanzidata ya PostgreSQL 12. Django 4.2 inafanya kazi na vyote viwili. Django 5.2 haifanyi kazi na chochote kati ya hivyo: inahitaji Python 3.10 au zaidi na, kwa wanaotumia PostgreSQL, toleo la 14 au zaidi. Wakati huo huo, huduma ya Python 3.8 ilikoma Oktoba 2024, ya PostgreSQL 12 ilikoma Novemba 2024, na huduma ya kawaida ya Ubuntu 20.04 ilikoma Mei 2025. Kinachoitwa kusasisha kiunzi, katika hali hiyo, ni kuhamisha nyumba nzima: seva mpya, kanzidata mpya, lugha ya toleo jipya, kisha kiunzi chenyewe.

Ndani ya kiunzi nako kuna mabadiliko. Sera ya Django haiondoi uwezo wa zamani ghafla. Kwanza hutoa onyo kwa angalau matoleo mawili. Mfano mmoja unaeleweka hata kwa asiye mtaalamu. Zamani, kitufe cha kutoka katika akaunti kingeweza kuwa kiungo cha kawaida kinachobofywa. Kwa sababu za kiusalama, utaratibu huo ulianza kutolewa onyo katika toleo la 4.1 na ukaondolewa katika toleo la 5.0. Mfumo ambao haukurekebishwa, ukihamishiwa huko, utamwacha mtumiaji akibofya kitufe cha kutoka bila kutoka. Katika kompyuta inayotumiwa na watu wengi, hilo si jambo dogo.

Ndiyo maana watunzaji hushauri kupanda ngazi moja baada ya nyingine badala ya kuruka. Kutoka 4.2 hadi 5.2 ni hatua tatu: 5.0, 5.1, kisha 5.2. Kwa aliyebaki kwenye 3.2 hatua huwa sita. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika programu ukuta huo hujengwa kwa gharama za wakati huo, mara nyingi na mtaalamu ambaye si yeye aliyeuandika mfumo.

Kalenda mbili zisizofanana

Tatizo la taasisi nyingi za umma si ukosefu wa nia bali ni tofauti ya kalenda. Mradi wa programu huria huhesabu kwa miezi minane. Serikali huhesabu kwa mwaka wa fedha, ambao nchini Tanzania, kama ilivyo Kenya na Uganda, huanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Hitaji linalojitokeza Februari bila kuwamo katika bajeti husubiri, na kasoro ya usalama haisubiri.

Hata hivyo, ratiba ya matoleo ya huduma ya muda mrefu inaiachia bajeti nafasi iliyo wazi. Matoleo hayo hutoka mwezi Aprili kila baada ya miaka miwili, na kila moja huhudumiwa miaka mitatu. Maana yake ni kwamba upo mwaka mmoja ambamo toleo la zamani na jipya huhudumiwa kwa pamoja. Toleo la 6.2 likitoka Aprili 2027 kama ilivyopangwa, na la 5.2 likikoma Aprili 2028, miezi tisa ya kipindi hicho, kuanzia Julai 2027 hadi Machi 2028, itaangukia ndani ya mwaka wa fedha 2027/28. Hiyo ni miezi tisa ya kufanya uhamisho, majaribio na mafunzo kwa fedha za mwaka mmoja, na toleo linaloachwa likiwa bado linahudumiwa.

Kwa lugha ya bajeti, mfumo uliojengwa kwa Django unahitaji kifungu cha uhamisho wa toleo katika kila mwaka mmoja wa fedha kati ya miwili. Bunge la Tanzania huketi kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili, na maandalizi ya taasisi hutangulia kwa miezi mingi. Taasisi inayotaka kutekeleza kazi hiyo katika mwaka 2027/28 haina budi kuwa imeiandika katika mpango wake kabla ya toleo la 6.2 kutoka. Hilo linawezekana kwa sababu tarehe zimeshatangazwa. Si mahitaji mengi ya umma yanayotabirika kwa mwezi, miaka kadhaa kabla.

Hoja za wanaochelewa

Zipo hoja zinazotolewa kutetea kuchelewa, na baadhi zina uzito. Ya kwanza ni kwamba mfumo unaofanya kazi usiguswe. Ni kweli kwamba kila uhamisho una hatari ya kuvunja kilichokuwa kizima, na mwananchi aliyekosa huduma siku ya mwisho ya kulipa ada hafarijiki kwa kuambiwa kuwa mfumo sasa ni salama zaidi. Dawa yake, hata hivyo, ni kufanya uhamisho mapema, katika seva ya majaribio, kukiwa na nakala rudufu na ratiba ya kurejea nyuma. Uhamisho unaofanywa baada ya uvamizi hauna nafasi hiyo.

Ya pili ni kwamba mfumo ni wa ndani na haujafunguliwa kwa mtandao wa umma. Kuutenga mfumo hupunguza hatari, na kwa kipindi kifupi cha mpito unaweza kuwa uamuzi wa busara. Lakini mtumishi mmoja aliyefungua kiambatisho kibaya katika barua pepe anatosha kumwingiza adui ndani ya uzio, na huko ndani toleo lililokoma halina kinga.

Ya tatu ni matumaini kwamba tarehe itasogezwa mbele. Mifano ipo. Drupal 7, programu huria ya kuendeshea tovuti iliyotolewa mwaka 2011, ilikuwa imepangwa kukoma Novemba 2021, na ukomo huo ukaahirishwa zaidi ya mara moja. Lakini Januari 5, 2025 ulifika, na waliotumia muda wa nyongeza kusubiri nyongeza nyingine walijikuta mahali walipokuwa mwanzo. Yapo pia makampuni yanayouza marekebisho ya usalama kwa matoleo yaliyokoma. Huduma hiyo inaweza kumvusha aliyekwama, lakini inageuza programu iliyochukuliwa bure kuwa deni linalolipwa kila mwaka bila kupata uwezo wowote mpya.

Wajibu wa sheria na mkataba

Nchini Tanzania, Sheria ya Serikali Mtandao ya Mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao na kuipa jukumu la kusimamia matumizi ya TEHAMA katika taasisi za umma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2019 inayolinda taarifa binafsi inamtaka mkusanyaji kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 baada ya kufahamu uvujaji ulio na hatari ya kweli ya kuwadhuru wahusika. Mwananchi hana uhusiano na waliotengeneza Django. Taarifa zake alizikabidhi kwa taasisi, na kwa hiyo ni taasisi itakayoulizwa. Utetezi kwamba programu ilikuwa huria na huduma yake ilikuwa imekoma ungekuwa mgumu kusimama, kwa kuwa tarehe ya ukomo ilikuwa hadharani miaka mitatu kabla.

Hapo ndipo mikataba inapohitaji kutazamwa. Mzabuni anayejenga mfumo wa taasisi mara nyingi hulipwa kwa kazi ya kujenga, akaongezewa kipindi kifupi cha kurekebisha kasoro, kisha akaondoka. Mkataba unaotaja jina la kiunzi, toleo lake, tarehe ya ukomo wa toleo hilo na nani atagharamia uhamisho wa kwanza huondoa ubishi wa baadaye. Sharti kwamba mfumo ukabidhiwe pamoja na majaribio yake ya kujiendesha, na bila maonyo ya uwezo unaokaribia kuondolewa, humwezesha mtaalamu ajaye kupanda ngazi bila kubahatisha. Rejesta moja ya mifumo yote ya taasisi, yenye safu ya tarehe za ukomo, haigharimu zaidi ya muda wa kuiandaa.

Lipo pia suala la mchango. Django huja ikiwa na tafsiri ya Kiswahili, kazi ya watu waliojitolea. Mkutano wa kwanza wa Afrika wa watumiaji wake ulifanyika Zanzibar Novemba 2023, na wa pili Arusha Agosti 2025. Wataalamu wa eneo hili, kwa hiyo, si wageni katika jumuiya inayoamua ratiba hizi. Taasisi inayomruhusu mtaalamu wake kutumia sehemu ya muda wa kazi kuripoti kasoro, kutafsiri au kujaribu matoleo kabla hayajatoka, inaitunza nguzo inayobeba mifumo yake yenyewe, na inakuwa ya kwanza kufahamu kinachobadilika.

Kwa mwananchi, maswali ya kuiuliza taasisi inayohifadhi taarifa zake hayahitaji utaalamu: mfumo huu unatumia toleo gani, huduma ya toleo hilo inakoma lini, na fedha za kuhama zimetengwa katika mwaka upi wa fedha. Tangazo la matengenezo lililotolewa mapema, likitaja siku, saa na sababu, ni sehemu ya jibu. Kwa mifumo iliyo kwenye toleo la 5.2, sehemu iliyobaki ya jibu hilo inapaswa kuonekana katika makadirio ya mwaka wa fedha 2027/28.